Louis Pasteur na mate ya mtoto wa Sainte-Eugénie

Jina la Louis Pasteur linajulikana na karibu kila mtu aliyepita shule ya sekondari hapa mashariki mwa Kongo. Wengi wanakumbuka mambo mawili: maziwa yanayopashwa moto ili yasiharibike, na chanjo ya mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Jambo la tatu halifundishwi sana, lakini linagusa vyumba vya watoto katika hospitali zetu kila siku. Ni Pasteur huyohuyo ambaye, mwezi wa kumi na mbili mwaka 1880, aliona chini ya mikroskopi kidudu ambacho leo kinaitwa pneumokoki. Kidudu hicho ni kati ya visababishi vikubwa vya nimonia kali kwa watoto wadogo. Tena kinaleta meninjiti, yaani ugonjwa wa ngozi inayofunika ubongo, na maumivu ya masikio. Pasteur alikipata katika mate ya mtoto aliyefia hospitalini. Kisha akakiweka pembeni, sababu hakikuwa kile alichokuwa anakitafuta.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 1822 huko Dole, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari wa Napoleon, na baada ya vita akafanya kazi ya kutengeneza ngozi za wanyama. Familia ikahamia Arbois, na huko mtoto akakulia kati ya mapipa ya ngozi. Hakuwa mwanafunzi wa kushangaza. Alichopenda sana ni kuchora sura za watu, na picha zake kadhaa zipo hadi leo, moja yao ni ya mama yake. Mwaka 1838 walimpeleka Paris kusoma, lakini alikumbuka nyumbani mpaka akaanza kuugua, na baba yake akalazimika kumfuata na kumrudisha. Miaka minne baadaye alipofanya mtihani wa mwisho wa sayansi, katika kemia alipewa pointi za wastani tu. Wanafunzi wanaokosa usingizi juu ya matokeo ya Exetat wasome hapo mara mbili, maana kemia ndiyo iliyokuja kumpa jina duniani kote.

Inafaa kukumbuka hilo: Pasteur alikuwa mwanakemia. Hakusomea kazi ya munganga, na maisha yake yote hakuwa na ruhusa ya kumchoma mgonjwa sindano. Madaktari wengi wa wakati wake walimrudishia jambo hilo usoni kila alipofungua mdomo kuzungumza juu ya magonjwa.

Mwaka 1849, akiwa profesa huko Strasbourg, alimuoa Marie Laurent, binti wa mkubwa wa shule za mkoa ule. Marie hakuwa mke wa kungojea nyumbani tu. Jioni aliandika yale ambayo mume wake alimtamkia, akanakili ripoti zake, na taratibu akaelewa kazi yenyewe kuliko wageni wengi waliokuja kumsalimia profesa. Walizaa watoto watano.

Watatu kati yao walikufa wangali wadogo. Jeanne, mzaliwa wa kwanza, alikufa mwaka 1859 kwa tifoidi, akiwa Arbois kwa babu yake. Camille alikufa mwaka 1865, na umri wake ulikuwa miaka miwili tu. Mwaka uliofuata, Cécile, msichana wa miaka kumi na miwili, alishikwa na tifoidi huko Chambéry. Baba yake alifika kwa kuchelewa, akabaki tu na kazi ya kusindikiza sanduku la mtoto mpaka makaburi ya Arbois. Mwaka ule wa 1865, miezi michache kabla ya Camille, alikuwa amemzika pia baba yake mzazi. Mtu anayejua jinsi Pasteur alivyokuwa mkali kazini, jinsi alivyogombana na wenzake na kukataa kushindwa, asisahau makaburi hayo.

Wakati ule waganga wengi waliamini kwamba ugonjwa unazaliwa wenyewe ndani ya mwili, au unaletwa na hewa mbaya. Pasteur aliingia katika mabishano hayo kupitia mlango wa pombe na maziwa. Huko Lille, karibu mwaka 1857, alionyesha kwamba maziwa yanachacha na pombe inaiva kwa kazi ya vidudu vyenye uhai. Kisha akachemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ndefu iliyopindwa, ambazo hewa inapita lakini vumbi linabakia njiani. Mchuzi ulikaa bila kuoza. Akivunja shingo, baada ya siku chache mchuzi unaharibika. Kwa hiyo vidudu vinatoka mahali fulani na kuingia, havizaliwi bure.

Kazi iliyofuata ilimfundisha jambo lingine, ambalo wazazi wa milimani, kule Lubero, Masisi au Minembwe, wanaweza kulielewa haraka. Tangu 1865 serikali ilimtuma kusini mwa Ufaransa kwa sababu viwavi vya hariri vilikuwa vinakufa na wakulima wanafilisika. Alikaa huko miaka mitano, katikati yake akapata kiharusi, mwaka 1868, na upande wake wa kushoto haukupona kabisa. Katika viwavi alikuta kwamba ugonjwa mmoja unategemea kidudu karibu peke yake, lakini mwingine unategemea pia namna viwavi vinavyotunzwa: joto likizidi, majani yakiwa mabaya, nyumba ikikosa hewa, kidudu ambacho kilikaa kimya kinaanza kuua.

Alirudia wazo hilo mwaka 1878 kwa njia ambayo iliwachekesha wengine kabla ya kuwanyamazisha. Ilijulikana kwamba kuku hawashikwi na kimeta. Pasteur akafikiri ni kwa sababu damu ya kuku ina joto kali kuliko ya ng'ombe au kondoo. Akamtia kuku kidudu cha kimeta, kisha akamweka ndani ya maji baridi. Kuku akafa. Mwingine ambaye alitiwa kidudu lakini hakuwekwa majini alibaki mzima. Na kuku mwingine aliyetolewa majini mapema na kupashwa joto, alipona. Aliwabeba mpaka mbele ya wakubwa wa Akademia ili waone wenyewe.

Hapa kwetu wazazi wengi wakiulizwa mtoto alipata wapi nimonia, jibu ni moja: baridi. Waganga wanajibu: hapana, ni mikrobe. Kuku wa Pasteur anaonyesha kwamba pande zote mbili zina kitu mkononi. Maji baridi peke yake hayaleti kimeta, lakini yalimfungulia kimeta mlango. Kwa pneumokoki, milango inajulikana vizuri leo: njaa, moshi wa jikoni, surua, mafua makali, kulala watu wengi katika chumba kimoja kama inavyotokea katika kambi za wakimbizi wa vita.

Hadi mwaka 1880, Pasteur alikuwa mtu maarufu wa miaka 57, mwenye mguu wa kuburura na mkono mmoja mgumu. Alikuwa amegundua kwamba kidudu cha kipindupindu cha kuku kikizeeka katika chupa kinapoteza ukali, na kuku aliyetiwa kidudu hicho cha zamani hafi tena akitiwa kile kikali. Baada ya chanjo ya ndui ambayo Mwingereza Jenner alianzisha mwaka 1796 kwa kutumia ugonjwa wa ng'ombe, hii ilikuwa mara ya kwanza chanjo kutengenezwa kwa kudhoofisha kidudu chenyewe. Sasa alitaka kujaribu ugonjwa wa watu. Akachagua kichaa cha mbwa.

Tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili mwaka ule, daktari Lannelongue alimjulisha kwamba katika hospitali ya watoto ya Sainte-Eugénie, mjini Paris, amelazwa mtoto wa miaka mitano. Mbwa alikuwa amemuuma usoni mwezi mmoja mbele. Mtoto alikuwa na kiu lakini hawezi kumeza, akishtuka kwa kila upepo. Kesho yake akafa. Pasteur alifika saa chache baada ya kifo, akachukua ute wa mdomo wa maiti kwa burashi ndogo, akauchanganya na maji, akawatia sungura wawili.

Sungura walikufa kabla ya saa 36 kutimia. Hapo ndipo palipoanza mashaka, juu kichaa cha mbwa hakiui haraka namna hiyo. Damu ya sungura ilipotazamwa, ilijaa vidudu vidogo vilivyoshikana viwiliviwili kama namba 8, na kila jozi imezungukwa na duara jeupe, kama mwezi unapozungukwa na wingu. Pasteur alichukua damu hiyo akawatia sungura wengine, wakafa pia. Alipotoa habari mbele ya Akademia mwezi wa kwanza 1881, pamoja na wasaidizi wake Chamberland na Roux, alijichunga. Alisema ni ugonjwa mpya uliotokana na mate ya mtoto aliyekufa kwa kichaa cha mbwa. Hakusema ni kichaa chenyewe.

Wengine walikuwa tayari kushangilia kwamba kidudu cha kichaa kimepatikana. Yeye akaenda kutafuta sababu ya kujikatalia. Akachukua mate ya watoto waliokufa kwa magonjwa mengine, kidudu kikawamo. Akachukua mate ya watu wazima wenye afya, watu wanaotembea, wanaokula, wanaocheka, na humo pia kidudu kilikuwa kikionekana. Basi hakina uhusiano na kichaa cha mbwa. Akafunga faili hiyo, akarudi kwenye njia yake.

Kwa mtafiti wa kichaa, uamuzi huo ulikuwa sawa kabisa. Kwa watoto wenye nimonia, ilikuwa bahati mbaya. Lakini si haki kumlaumu. Nani angefikiri kwamba kidudu kinachokaa mdomoni mwa mtu mzima bila kumsumbua ndicho kinachojaza mapafu ya mtoto? Hata leo jambo hilo ni gumu kulieleza katika kituo cha afya. Pneumokoki inakaa puani na kooni mwa watoto wengi wazima. Inapita kwa kukohoa, kupiga chafya, kubusiana. Wengi wanaibeba wiki kadhaa na inaondoka. Kwa wachache inashuka mapafuni, au inaingia damuni na kupanda mpaka kwenye ubongo. Mama anayeuliza nani alimrogea mtoto wake hapati jina la mtu, sababu aliyempa kidudu anaweza kuwa kaka yake wa miaka minne anayelala naye kitanda kimoja na hajakohoa hata mara moja.

Ilitokea pia kwamba Pasteur hakuwa peke yake. Ng'ambo ya bahari, munganga wa jeshi la Marekani, George Sternberg, alikuwa amewatia sungura mate yake mwenyewe mwaka uleule wa 1880, naye akiwa mzima. Sungura wakafa, na kidudu kilikuwa kilekile. Wanaume hao wawili hawakujua habari za kila mmoja. Sternberg baadaye alikipa kidudu jina la Pasteur, lakini jina hilo halikudumu.

Waliounganisha kidudu na nimonia ni wengine, hasa Albert Fränkel huko Berlin na Anton Weichselbaum huko Vienna, katikati ya miaka ya 1880. Kufikia mwaka 1886 haikuwa tena jambo la kubishana: nimonia nyingi kali zinaletwa na kidudu kile cha namba 8. Fränkel ndiye aliyekiita pneumokoki. Pasteur alikuwa bado hai, lakini wakati huo kichwa chake chote kilikuwa kwa mbwa na sungura wa kichaa.

Na lile duara jeupe aliloliona? Ni ganda. Ndilo linalokinga kidudu kisimezwe na askari wa mwili. Ganda hilo halifanani katika pneumokoki zote. Leo zinajulikana aina zaidi ya 100. Chanjo ya pneumokoki inatengenezwa kutokana na maganda hayohayo, yakiunganishwa na protini ili mwili wa mtoto mchanga uweze kuyatambua, kwani mtoto chini ya miaka miwili hatambui ganda likiwa peke yake. Kongo iliingiza chanjo hii katika programu ya taifa ya chanjo mwaka 2011, ile yenye aina 13. Inachomwa kwenye paja, bila malipo, mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Haizuii kila nimonia, sababu kuna virusi na vidudu vingine. Mama ambaye mtoto wake alichanjwa na bado akalazwa hakudanganywa.

Mwaka 1881 Pasteur alipata ushindi wake mkubwa wa mbele ya watu. Huko Pouilly-le-Fort alichanja kondoo dhidi ya kimeta, kisha wote, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakatiwa kidudu kikali. Tarehe 2 mwezi wa sita watu walijazana shambani: waliochanjwa wamesimama, wengine wamelala chini. Hakusema hadharani kwamba chanjo aliyotumia siku ile ilitengenezwa kwa dawa, njia ya msaidizi wake Chamberland, tofauti na njia aliyokuwa akiisifu. Hilo lilijulikana wazi miaka mingi baada ya kifo chake, madaftari yake yaliposomwa. Mtu mkubwa anaweza kuwa mkweli kabisa juu ya mate ya mtoto na asiwe hivyo juu ya kondoo.

Tarehe 6 mwezi wa saba 1885, mwanamke wa Alsace alimletea kijana wake, Joseph Meister, wa miaka tisa, aliyeumwa na mbwa mara nyingi. Daktari Grancher ndiye aliyemchoma, sababu Pasteur hakuwa na haki hiyo. Sindano 13 kwa siku kumi hivi. Pasteur hakulala vizuri usiku hata mmoja. Kijana alipona. Habari zikaenea, na watu wakaanza kufika kutoka kila upande.

Mwezi wa kumi na moja aliletewa Louise Pelletier, msichana wa miaka kumi. Mbwa alikuwa amemuuma kichwani siku 37 mbele. Pasteur alijua kwamba siku zimepita mno. Alijua pia kwamba mtoto akifa, adui zake watasema ni chanjo iliyomuua, na wagonjwa wengine wataogopa kuja. Wazazi walimsihi. Akakubali kumtibu. Dalili zilipoanza, alikuja nyumbani kwa familia ile, akakaa karibu na kitanda, mkono wa mtoto ndani ya mkono wake. Louise alikufa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Adui zake walisema yale aliyotazamia. Wazazi wa msichana, wao, hawakumlaumu.

Wauguzi wa hapa wanamfahamu Louise Pelletier, ingawa hawajui jina lake. Ni mtoto anayefika siku ya tano ya nimonia, amepita kwa jirani mwenye dawa za majani, amepita kwa duka la dawa, midomo imeanza kugeuka rangi. Kwa nimonia, dirisha ni fupi kuliko la kichaa. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi, anapaswa kuonwa siku ileile. Kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, au akikataa ziwa, au akishikwa na degedege, ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku. Ikishikwa mapema, nimonia nyingi zinatibiwa kwa amoksisilini ya kunywa. Ikichelewa, inatafutwa oksijeni, na oksijeni haipatikani kila mahali.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu 1886 Pasteur alihesabu watu 350 waliotibiwa, na kifo kimoja, kile cha Louise. Pesa zilichangwa na watu wa nchi nyingi, matajiri na maskini, na tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 1888 Taasisi ya Pasteur ikafunguliwa mjini Paris. Siku hiyo alikuwa amechoka sana hata hotuba yake ilisomwa na mwana wake. Kutoka nyumba hiyo walitoka wanafunzi wake waliokwenda kufungua maabara barani Asia na Afrika.

Pasteur alikufa tarehe 28 mwezi wa tisa 1895, karibu na Paris, akiwa na miaka 72. Serikali ilimfanyia mazishi makubwa katika kanisa la Notre-Dame. Mwili wake ukawekwa baadaye katika chumba cha chini cha Taasisi, chenye kuta za mawe madogo ya rangi yanayochora kondoo, kuku, mbwa na matawi ya mizabibu. Marie alibaki akiishi humohumo katika Taasisi miaka kumi na mitano. Alipokufa mwaka 1910, walimlaza karibu naye.